Je, leza itaniambia kama spora ya kimeta iko hai?

Msomaji anauliza: "Shikamoo Daktari. Ninasoma shahada ya pili ya elimu ya vijidudu. Idara ya fizikia hapa chuoni ina mashine ya Raman yenye hadubini, na haina kazi nyingi. Wazo langu ni kuchukua udongo wa mahali ng'ombe walipokufa kwa kimeta, niuweke chini ya leza, nihesabu spora, na nijue zipi ziko hai na zipi zimekufa bila kuziotesha. Msimamizi wangu ana wasiwasi. Je, mwanga unaweza kufanya hayo? Na unaweza kutofautisha kimeta na bakteria wengine?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe, maana najua mwanafunzi akishasoma aya ya kwanza tayari yuko njiani kwenda maabara. Leza itakuonyesha kuwa spora ipo. Ukiwa na subira, itakuonyesha hata dakika inayoamka. Lakini spora iliyolala ukiitazama mara moja tu, leza haitakuambia kama ni nzima au ni maiti. Na huo udongo, tafadhali usiuweke chini ya leza kama ulivyo. Nitafika huko.

Tuanzie ndani ya spora, kwa sababu mradi wako wote umejificha humo. Bakteria wa jamii za Bacillus na Clostridium wakiona chakula kimekwisha hawakubali kufa kizembe. Kila mmoja hutengeneza kijimbegu chenye ukubwa wa takriban mikromita moja, akakivika tabaka juu ya tabaka, akafukuza sehemu kubwa ya maji yaliyomo, kisha akalala. Mahali pa maji hayo hujazwa asidi dipikoliniki, ambayo wanaofanya kazi hii huiita DPA kwa kifupi, ikiwa imeshikana na kalsiamu. Joan Powell ndiye aliyeitoa kwenye spora na kuitambua, mwaka 1953. Si kidogo: ni kati ya asilimia 5 na 15 ya uzito mkavu wa spora. Chukua gunia la mahindi la kilo 100, kisha uambiwe kilo 10 za ndani yake ni punje za aina moja ambazo huzikuti kwenye gunia jingine lolote pale sokoni. Bakteria yuleyule akiwa anakula na kugawanyika hana DPA hata chembe. Ndiyo maana spora ni rafiki mkubwa wa watu wa mwanga. Ni vijidudu vichache sana vinavyobeba alama iliyo wazi namna hiyo.

Mashine yako inaionaje alama hiyo? Mwanga wa leza ukigonga molekuli, karibu wote hutawanyika ukiwa na rangi ileile uliyokuja nayo. Fotoni chache mno, kama moja katika milioni kumi, hurudi zikiwa zimepungukiwa nishati kidogo, kwa kuwa molekuli imekata ushuru wake ili itetemeke. C. V. Raman na K. S. Krishnan waliliona jambo hili Kolkata mwaka 1928, kwa vifaa ambavyo leo mwanafunzi wa kidato cha sita angevicheka. Kila kifungo cha kemikali kina mtetemo wake, kwa hiyo kila molekuli inakata ushuru wa kiwango chake, na ukiupima ushuru umeijua molekuli. Kwa DPA iliyoshikana na kalsiamu, kilele kikubwa kinasimama kwenye namba ya wimbi 1017 kwa sentimita. Kama leza yako ni ya nanomita 785, maana yake unasubiri mwanga unaorudi kwenye nanomita 853 hivi. Vilele vingine vya DPA utavikuta karibu na 662, 824, 1395 na 1572, navyo ni mashahidi wazuri, maana kilele kimoja peke yake kinaweza kukudanganya.

Hapo kwenye 1017 angalia sana. Jirani yake, kwenye 1004, kuna kilele cha fenilalanini, asidi amino iliyomo ndani ya protini za kila kiumbe. Tofauti ni hatua 13 tu. Mashine iliyoyumba kidogo itakupa bakteria wa kawaida ukidhani ni spora. Kila asubuhi kabla ya kazi weka kipande cha silikoni, uhakikishe kilele chake kinakaa 520.5. Ni kazi ya dakika mbili, na nimeona watu wazima wakiiruka kisha wakakesha wiki nzima wakitafuta kosa kwenye programu ya kompyuta.

Sasa swali lako la uhai. DPA ni akiba iliyo ghalani. Ghala likijaa, unajua nyumba hii ilivuna. Hujui kama mwenye nyumba anapumua. Spora uliyoiua kwa mionzi ya urujuanimno imekufa kwa sababu DNA yake imeharibika, lakini ghala halijaguswa. Uliyoiua kwa mionzi ya gama, hivyohivyo. Hata kwa joto la maji, ambalo wengi hudhani linamwaga kila kitu nje, spora nyingi hufa kwanza kwa kuharibika protini zake na kubaki na DPA ndani kwa muda kabla ya kuimwaga. Kwa hiyo kilele cha 1017 kinasimama wima juu ya maiti.

Hili nalijua kwa aibu. Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilisimama mbele ya watu na picha zangu nzuri za rangi, kila spora iking'aa, nikasema: "Hizi zote ziko hai." Mzee mmoja wa maabara, asiye na shahada, aliyekuwa ameketi nyuma karibu na mlango, akauliza kwa upole: "Mwalimu, uliziotesha?" Sikuwa nimeziotesha. Tulipoziotesha, sahani za agari zilikaa tupu. Sampuli ilikuwa imeachwa chini ya taa ya urujuanimno ndani ya kabati la usalama usiku kucha. Kilele changu hakikupungua hata kidogo.

Na upande wa pili nao una mtego. Ukiona kijimbegu hakina DPA, utasema kimekufa. Pengine. Pengine pia kimeamka, kimetupa akiba yake nje na kimeanza kunywa maji, yaani ndicho kilicho hai kuliko vyote kwenye kioo chako. Kilele kikitoweka kinaweza kumaanisha kifo au uzima, na picha moja haiwezi kukutenganishia hayo mawili.

Dawa yake ni muda. Badala ya kuiuliza spora "u hali gani?", ipe chakula uone itafanya nini. Kwa Bacillus subtilis, L-alanini inatosha kuwa kengele ya kuamsha. Hapa ndipo Raman inapotoa matunda yake bora, na kazi iliyonifundisha zaidi ni ile iliyofanywa Marekani na Yong-qing Li wa East Carolina University pamoja na Peter Setlow wa University of Connecticut. Walitumia leza kama kibano: mwanga uliokusanywa kwenye nukta ndogo hushika kijidudu na kukining'iniza katikati ya tone la maji kisiguse chochote. Kibano hicho ndicho kilichompa Arthur Ashkin Tuzo ya Nobel mwaka 2018, akiwa na miaka 96. Leza ileile inayoshika ndiyo inayopima. Unaishika spora moja, unamimina chakula, na unaandika spektra yake, yaani mchoro wa vilele vyake, kila baada ya sekunde kadhaa.

Walichokiona kinaharibu raha ya anayependa wastani. Spora moja ikishaanza kumwaga DPA, kazi nzima inaisha kwa dakika chache, mara nyingi mbili hivi. Kilele cha 1017 kinaporomoka kama ukuta wa udongo kwenye mvua. Lakini muda wa kusubiri kabla ya kuanza hutofautiana kupita kiasi. Spora ndugu, zilizokuzwa chungu kimoja, siku moja, zikapewa chakula kwa sekunde ileile: moja inaamka baada ya dakika tano, nyingine baada ya saa kadhaa, na nyingine chache zinabaki zimelala kabisa. Ukizipima kwa pamoja ndani ya chupa, unachora mkunjo laini unaoteremka polepole, na utaandika kwenye ripoti kwamba spora humwaga DPA taratibu kwa saa nzima. Hakuna hata moja iliyofanya hivyo. Kila moja ilimwaga ghafla, kwa zamu yake. Hizo zilizogoma kuamka ndizo zinazowaumiza kichwa watu wa chakula cha makopo, kwa sababu mbinu ya "ziamshe kwanza, kisha uzichemshe zikiwa dhaifu" haizipati.

Habari njema ni kwamba kwa sehemu hii huhitaji kibano. Spora ikinatishwa kwenye kioo inakupa karibu simulizi ileile, na unaweza kufuata nyingi kwa pamoja. Tena hata hadubini ya kawaida ya fezi, inayogeuza tofauti ya jinsi vitu vinavyopinda mwanga kuwa mwanga na kivuli, itakuonyesha spora iliyolala iking'aa kama lulu, kisha ikififia na kuwa nyeusi DPA inapotoka na maji yanapoingia. Wenzako wa fizikia watakasirika nikisema hivi, lakini kama unachotaka ni kujua ngapi zimeamka na saa ngapi, hadubini hiyo na kamera ya bei nafuu vitakufikisha mbali. Raman iache kwa maswali ambayo hadubini haiwezi kujibu: DPA kiasi gani ilikuwa ndani, imetoka yote au nusu, protini zimebadilika sura au la.

Bado hujamaliza, samahani. Kuamka nako si uhai kamili. Spora iliyouawa kwa urujuanimno inaweza kusikia L-alanini, ikaamka, ikamwaga DPA kama kawaida, kisha ikakwama hapohapo kwa sababu DNA haisomeki. Mlango umefunguka, ndani hamna mtu wa kutoka. Kuna njia ya kulizunguka hili kwa mashine uliyonayo: ongeza maji mazito kwenye chakula, yaani maji yenye deuteri, ndugu mzito wa hidrojeni. Kiumbe anayejenga mafuta na protini mpya ataingiza deuteri kwenye vifungo vya kaboni, na utaona kilele kipya kati ya 2040 na 2300, eneo ambalo kwa kawaida liko kimya kabisa kwenye spektra ya kiumbe. Kilele hicho kikiota baada ya kile cha 1017 kuanguka, una haki ya kusema kiumbe huyu ameamka na anafanya kazi. Lakini umeona tulikofika: umempa maji, umempa chakula, umemsubiri. Umeotesha, ila kwa saa chache na chini ya hadubini badala ya siku nzima kwenye sahani. "Bila kuziotesha" imeshaondoka mlangoni.

Wapo waliokuwa na kila sababu ya kutafuta njia ya mkato na hawakuipata. Kisiwa cha Gruinard, Uskoti, kilipigwa mabomu ya majaribio yenye spora za kimeta mwaka 1942. Baada ya miaka zaidi ya arobaini spora bado zilikuwa hai udongoni. Mwaka 1986 walinyunyiza fomaldehaidi, mamia ya tani za mchanganyiko huo na maji ya bahari, kisha wakapima udongo kwa kuotesha. Na ili kujiridhisha wakapeleka kondoo wachunge pale. Kondoo walibaki wazima, na mwaka 1990 kisiwa kikatangazwa salama. Serikali yenye pesa, na shahidi wa mwisho akawa kondoo.

Kuhusu kutofautisha kimeta na wengine, hapa nitakuwa mkali kidogo. DPA ni ileile kwa wote. Spora ya kimeta, ya Bacillus cereus inayoharibu wali uliolala, ya Bacillus thuringiensis, zote zitakupa 1017. Tena hao watatu ni ndugu wa damu; kinachomfanya Bacillus anthracis awe muuaji ni hasa plasmidi mbili, yaani viduara vidogo vya DNA, pXO1 ya sumu na pXO2 ya koti la nje, na plasmidi haina kilele cha kuonekana kwenye Raman. Utasoma makala ambazo kompyuta imefundishwa kutenganisha spishi kwa asilimia kubwa. Zisome ukiuliza swali moja: je, spora za kila spishi zilikuzwa kwenye chakula kimoja na siku moja? Madini ya chakula hubadilisha spora, na kompyuta ni mwanafunzi mjanja, itajifunza kutambua chungu badala ya kutambua kilichopikwa. Kwa jina la spishi tumia PCR, kipimo kinachotafuta DNA yenyewe.

Usidhani pia kwamba spora nyingine ni adimu. Kiwanda cha Kibaha kinatengeneza viuadudu vya kibaiolojia vya kuua viluwiluwi vya mbu kutokana na Bacillus thuringiensis israelensis na Bacillus sphaericus. Mabwawa yakipuliziwa dawa hiyo, kifaa chochote kinachotafuta DPA kitapiga kelele, na hakuna ng'ombe aliyeumwa. Baada ya barua za kimeta zilizoua watu 5 Marekani mwaka 2001, fedha nyingi zilimwagwa kwenye vifaa vya kugundua spora kwa mwanga, na ugumu wenyewe ulikuwa huohuo: kifaa kinasema "spora", mtu anasikia "kimeta".

Udongo sasa. Mboji inang'aa kwa floresensi ikimulikwa na leza, na mng'ao huo unaifunika ishara ya Raman kama spika za harusi zinavyomfunika mtu anayenong'ona. Leza ya nanomita 785 inapunguza floresensi ukilinganisha na ile ya kijani ya 532, ila unalipa gharama: nguvu ya Raman hushuka kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi, kwa hiyo unapoteza karibu mara tano ya ishara. Ongeza madini: kalisaiti itakupa kilele kikali kwenye 1086, na udongo unaopendwa na kimeta mara nyingi una kalsiamu nyingi. Juu ya hayo, hadubini inatazama mikromita moja kwa wakati. Utazeeka ukitafuta. Spora lazima zitenganishwe na udongo kwanza, na kazi hiyo kwa udongo wa kimeta inafanyika kwenye maabara yenye kiwango cha usalama kinachoruhusiwa, chini ya watu wa mifugo, siyo kwenye meza ya fizikia. Wala usiende kuchimba kwenye kaburi la mzoga na jembe na glavu za jikoni. Unajua kwamba mzoga wa kimeta haupasuliwi kwa sababu hewa ndiyo inayowapa bakteria nafasi ya kugeuka spora. Pale ulipopasuliwa, udongo ndio uliozipokea.

Kwa kuhesabu spora kwa jumla kuna njia rahisi ambayo hukuitaja: terbiamu. Chumvi ya terbiamu ikikutana na DPA hushikana nayo. Ukimulika kwa urujuanimno wa kama nanomita 270, DPA hupokea mwanga na kuikabidhi terbiamu nishati, nayo hung'aa kijani kwenye nanomita 545. DPA lazima iwe nje ya spora, basi pitisha sampuli kwanza kwenye otoklevu, ile sufuria ya mvuke wa shinikizo. Uzuri wake ni kwamba mng'ao wa terbiamu hudumu milisekunde wakati floresensi ya uchafu hufa ndani ya nanosekunde, kwa hiyo kifaa kinachoweza kusubiri kidogo kabla ya kusoma kinapata giza safi lenye kijani tu. Usitumie bafa (kimiminika cha kutuliza asidi) ya fosfeti, itaishika terbiamu kabla ya DPA na utapata sifuri ya uongo. Jibu utakalopata ni jumla ya DPA. Kuigeuza kuwa idadi ya spora kunahitaji uwe umepima spora za aina yako mwenyewe, maana kiasi kwa kila spora hakilingani.

Ningekuwa mimi msimamizi wako, ningekwambia uache kimeta kabisa kwa shahada hii. Chukua Bacillus subtilis, asiye na madhara. Gawa spora makundi manne: zisizoguswa, za urujuanimno, za joto la maji, za peroksidi ya hidrojeni. Kila kundi lipimwe kwa Raman likiwa limelala, kisha likiwa na L-alanini, kisha likiwa na chakula chenye maji mazito, na kila mara sehemu yake iende kwenye sahani za agari. Jedwali litakalotoka litaonyesha ni kifo kipi mwanga unakiona na kipi haukioni. Hilo ni swali lenye majibu unayoweza kuyapata ndani ya mwaka mmoja, na watu wa mifugo watalitumia.

Kabla hujaandika pendekezo, pita idara ya fizikia usome kibandiko kwenye leza. Kama ni 785, nunua vioo vya kalsiamu floraidi au kwatzi, kwa sababu kioo cha kawaida kinang'aa chenyewe na kitakuharibia kila kitu. Kama ni 532, niandikie tena kabla hujatumia hata shilingi.